Msichana wa Mwezi wa Saba

Ulikuwa mwezi wa tano, lakini kalenda iliyotundikwa katika duka la pembejeo la Misima ilifunguliwa mwezi wa saba, na iliachwa hivyo kwa heshima ya Athuman. Dereva wa shirika la Miguu ya Habari Njema aliileta kutoka Korogwe, akampa mwenye duka, naye akaitundika kati ya tangazo la mbegu za mahindi na picha ya dawa ya kupe. Ukurasa mzima ulikuwa wa Shamsia, binti wa Athuman, mwenye miaka tisa. Alisimama mbele ya banda la mbuzi, mguu wa kulia umenyooka ndani ya kiatu kipya cheusi, wa kushoto bado umegeukia ndani kama alivyozaliwa nao. Alikuwa anacheka. Kichwani hakuwa na mtandio, maana mpiga picha alimwambia auvue ili uso upate mwanga. Chini ya picha kulikuwa na mistari saba ya Kiingereza ambayo hakuna aliyehangaika nayo.

Athuman alikuwa mkulima wa mahindi na michungwa michache, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku alipoiona kalenda alinunua soda nne akawagawia waliokuwepo dukani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipovuna vizuri. Siku ya tano akapita mwalimu Semboja, anayefundisha Kiingereza sekondari, kununua chanjo ya kuku. Aliisoma ile mistari kimya, kisha akavua miwani.

"Mzee Athuman, maneno haya ulisomewa?"

"Sijasomewa, mwalimu. Nisomee."

"Labda twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nini? Hii ni furaha, si msiba. Soma hapa hapa watu wasikie."

Mwalimu Semboja akasoma, akitafsiri polepole. "Huyu ni Neema, kutoka Handeni. Katika jamii yake, mtoto mwenye kilema ni laana. Baba yake alimficha kwenye banda la mbuzi kwa miaka sita ili majirani wasimwone. Leo, kwa sadaka zenu, Neema anatembea kwa mguu mmoja ulio mzima, na baba yake ameanza kuiona nuru. Mwombeeni baba yake. Mguu wa pili unawasubiri ninyi."

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakumjua Athuman na baiskeli yake. Miaka mitatu alimpeleka yule mtoto shuleni asubuhi na kumrudisha mchana, kilomita nne kwenda na nne kurudi, amemkalisha kwenye kiti alichokifunga nyuma kwa mipira, kiti cha mbao alichokikata miguu. Mtoto alipokuwa mchanga alimpeleka hospitali ya wilaya akafungwa plasta mara tatu, mpaka masika yalipokata barabara na plasta ikalowa ikaoza. Watu walikuwa wakimwita Bodaboda. Sasa mmoja akaguna, mwingine akauliza, "Bandani? Hao mbuzi wake wanne na mtoto, wangelalaje?" Kisha kicheko kikawatoka, kile kicheko cha watu wasiojua la kufanya na aibu ya mwenzao.

"Itoe hiyo kalenda," Athuman alimwambia mwenye duka.

"Mzee wangu, humu nimeshaweka alama za siku za chanjo."

"Basi chana ukurasa."

Mwenye duka hakuchana. Aliigeuza tu, ikawa mwezi wa nane, ambako palikuwa na mvulana wa mahali pengine, naye pia alikuwa amefichwa, kwenye ghala.

*

Mwantumu, mkewe, alikuwa uani akipukuchua mahindi juu ya turubai. Athuman alimsimulia akiwa amesimama, hakukaa. Alipofika kwenye banda la mbuzi, mikono ya Mwantumu ikasimama.

"Nani aliwaambia maneno haya?" Athuman akauliza. "Mimi sikuulizwa kitu. Siku waliyokuja na karatasi zao nilikuwa shamba."

Mwantumu alipukuchua gunzi moja mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Waliniuliza mimi."

"Ukasema tulimficha?"

"Waliuliza, mtoto alipozaliwa mlimweka ndani? Nikasema ndiyo. Si tulimweka ndani, Baba Shamsia? Siku arobaini! Nani anatoa mtoto mchanga nje kabla ya arobaini? Wakauliza, majirani hawakumwona? Nikasema hawakumwona. Wakauliza, na hawa mbuzi, mtoto anakaa nao? Nikasema ndiyo, anawapenda sana, anashinda nao. Yule kijana akaniambia, pole mama. Nikasema asante." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kila alichouliza nilisema ndiyo. Mgeni amekuja na gari, ameacha shughuli zake, anataka kumtibu mtoto. Nimkatalie maneno?"

Ndivyo walivyolelewa wote wawili, na sisi wengi tumelelewa hivyo hivyo. Mtu wa ofisi akikuuliza, unamwitikia. Akisema mvua imenyesha wakati jua linachoma, unasema ilinyesha jana. Ni adabu, si ujinga. Lakini kuna watu wanaojua kuivuna adabu ya wenzao kama mahindi, na wanaojua wapi pa kuipeleka ikalipwa.

"Hukukosea," Athuman alisema. "Ungejuaje?"

Simu yake ikaita hapo hapo. Alikuwa Deogratius, afisa wa shirika, yule yule kijana wa pole mama. Sauti yake ilikuwa ya heshima tupu.

"Shikamoo mzee Athuman. Habari za Misima? Nina habari njema. Operesheni ya mguu wa kushoto imepangwa Alhamisi ya wiki ijayo. Sasa mzee, Jumamosi hii tuna wageni. Ni wale wale wafadhili waliochangia mguu wa kwanza, wametoka Ulaya, wazee wa kanisa lao. Wanataka kumwona Shamsia. Na wanataka kukuona wewe."

"Mimi wa nini?"

"Tuna ibada fupi tu, ya upatanisho. Wewe utamwosha mtoto miguu. Ni mfano wa Bwana Yesu, aliwaosha wanafunzi wake. Halafu utasema sentensi moja ya kuomba radhi. Nimeshaiandika, nitakupa."

"Radhi ya nini, kijana wangu?"

"Mzee, mimi najua nyie ni watu wazuri. Lakini ile habari imeshachapwa. Wageni wameisoma, wamelia, wametoa. Ikigeuka sasa, itaonekana shirika ni waongo, na si mguu wa Shamsia tu, kuna watoto kumi na saba wanasubiri. Unanielewa?"

"Na nisipokuja?"

"Sisi hatumlazimishi mtu, mzee. Hatubagui dini wala kabila. Ila mzazi asipotoa ushirikiano, nafasi hupewa mwingine. Mguu mmoja ni milioni moja na laki tatu. Ndivyo tunavyowaandikia wafadhili."

Milioni moja na laki tatu. Athuman hakuwahi kuzishika kwa pamoja. Alizima simu akaenda kuwafungulia mbuzi, ingawa hawakuwa wamefungwa.

*

Baada ya swala ya alasiri alibaki msikitini akamsubiri Sheikh Sabiri. Nje, mafundi walikuwa wakipanda jukwaa la miti kujenga mnara mpya. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, ndevu mkononi, kisha akasema kwa ukali kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwislamu kusimama mbele ya msalaba akatubia dhambi asiyoitenda! Mtoto kuitwa Neema! Hayo ndiyo waliyokuwa wakionywa siku zote.

"Basi sheikh, nisaidie nisiende," Athuman alisema. "Msikiti una wafadhili, nao wa nje. Milioni moja na laki tatu. Nitalipa kidogo kidogo kila mavuno."

Sheikh Sabiri akatazama juu kwenye jukwaa. "Athuman, fedha ile ni amana. Bwana aliyeituma ameandika ni ya mnara, kwa ajili ya marehemu mama yake. Kila wiki natuma picha ya urefu uliofikiwa. Nikiondoa hata tofali moja, nitamjibu nini?"

"Na ya visima? Mwaka jana mlichimba kisima."

"Nayo ilikuwa ya kisima, kimeandikwa jina la aliyeituma pale. Hakuna aliyeleta ya mguu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Subira," Sheikh alisema, na alisema kwa huruma, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Na usiende kule."

Kumwambia mtu asiende ni rahisi. Athuman alirudi nyumbani akitembea polepole. Huku kulikuwa na dini iliyotaka uongo wake, na huku kulikuwa na dini iliyotaka urefu wa mnara. Kati ya zote mbili, fedha zilizovuka bahari kwa jina la Mungu zilikuwa tele, na hakuna shilingi iliyokuwa huru kumfikia mtoto wake bila kumdai kitu kwanza.

Mwantumu alikuwa ameshaivisha ugali. Walikula na Shamsia, kisha mtoto akaenda kwa jirani, akichechemea, mguu mpya ukitangulia na wa zamani ukifuata kwa ubavu.

"Siendi," Athuman alisema. "Nitauza mbuzi."

"Mbuzi wanne? Watatoa laki tatu, wakinenepa."

"Nitauza na michungwa ikiwa bado haijaiva."

"Halafu tule nini?"

"Mwantumu, watu wananijua! Nikishasema kwa mdomo wangu kwamba nilimfungia mwanangu na mbuzi, nitarudi vipi hapa? Nitakaa vipi na wenzangu? Mtu ana nini kama hana heshima yake?"

Mwantumu hakupandisha sauti. "Heshima yako ni yangu pia, mimi ndiye mkeo. Lakini Baba Shamsia, heshima itamvusha mtoto barabara? Akifika kidato cha kwanza utambeba kwa baiskeli na wewe una umri huo? Atapata mume? Atateka maji? Mimi nilisema ndiyo bila kujua. Wewe sema ukijua. Sema, halafu turudi na mguu."

Athuman alinawa mikono, akakaa muda mrefu akiitazama njia aliyopita mtoto. Mwantumu aliyejua kuishi naye akaelewa kwamba wataenda.

*

Gari jeupe la shirika liliwachukua Jumamosi asubuhi mbele ya duka la pembejeo, watu wakitazama. Kabla halijafika, Athuman alimvuta binti yake pembeni.

"Shamsia, leo kule nitasema maneno ya uongo. Nitasema nilikuficha. Usiyaamini."

Shamsia alifikiri. Alikuwa mtoto wa kuuliza. "Mbona mnatukataza kusema uongo?"

"Ni kwa ajili ya mguu wa kushoto."

"Mungu atakubali?"

"Tutamuuliza tukirudi."

Korogwe, kwenye geti la shirika, mlinzi alikuwa Matayo, mzee mwenye koti la kijani lililomzidi mabega. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na kizazi chao hakikurudi tena. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na kwa hiyo tangu siku Shamsia alipolazwa hosteli kwa mguu wa kwanza, Matayo na Athuman hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye akili timamu.

"Mzigua, mtumwa wangu!" Matayo alipaza sauti. "Umekuja na mtoto, au umemwacha bandani na wenzako mbuzi?"

Kwa utani huwezi kukasirika, ukikasirika umevunja mila. Athuman alijaribu kucheka, uso ukamkatalia. Matayo akaona. Akasogea, akashusha sauti.

"Nilidhani utaliona jambo dogo ukichekwa na mimi kwanza," alisema. "Nimeisoma hiyo kalenda, Athuman. Miaka ishirini getini, Kiingereza cha kusoma ninacho kidogo. Watakuoshesha miguu?"

"Ndiyo."

"Mimi nimebatizwa, nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na mitano. Yesu aliosha miguu ya watu yeye mwenyewe. Hakumwita mtu masikini aoshe, yeye akakaa anapiga picha." Akatema mate pembeni. "Sijui hawa wamesoma kitabu gani."

"Nyamaza, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu."

"Kwani mtani ni wa nini? Mzigua akifa, nani anachimba kaburi huku anamtukana maiti? Ni mimi. Basi nenda, utanikuta hapa."

*

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya buluu. Wageni kumi na wawili walikaa mstari wa mbele, wazee wenye nyuso nyekundu kwa jua na fulana zenye picha ya unyayo. Katikati yao alikuwa mama mmoja wa nywele nyeupe kabisa. Deogratius alieleza kwamba mama huyo ameuza keki kanisani kwao Jumapili arobaini kuchangia mguu wa Shamsia, na mama huyo alipomwona mtoto akaanza kulia kabla ibada haijaanza. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lilimtia Mwantumu uchungu zaidi, kwamba mtu mzima mwenye moyo mwema amelipishwa machozi kwa jambo ambalo halikutokea.

Deogratius alimpa Athuman karatasi. Mkataba wa kijana huyo ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na hao waliokaa mbele ndio walioamua kama kuna mwezi wa saba.

"Soma kwa sauti, mzee, mimi nitatafsiri. Ni mstari mmoja tu."

Shamsia alikalishwa kwenye kiti kirefu. Alivuliwa kiatu. Likaletwa beseni la bati lenye maji ya vuguvugu, na taulo jeupe lililokunjwa. Mpiga picha akapiga goti upande mmoja, mwingine akasimama juu ya benchi. Athuman akavua kofia yake kwa sababu aliambiwa avue, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

Alianza na mguu wa kulia. Alikuwa ameiosha miguu hiyo mara ngapi? Alipokuwa akimfundisha kutawadha ndiye aliyemshika vidole, akimwonyesha namna ya kupitisha maji katikati, na ule mguu uliogeuka alimfundisha aupindue kwa mkono. Aliosha sasa bila haraka, kama nyumbani. Alipofika kwenye mguu wa kushoto, mpiga picha akamwomba ainue uso kidogo. Akainua.

"Sasa ile sentensi," Deogratius alinong'ona.

Athuman hakuisoma karatasi. Alitazama maji. "Nilimficha mwanangu," alisema. "Naomba radhi."

Deogratius akatafsiri, na tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yenyewe. Mstari wa mbele ukavuta pumzi. Mama wa nywele nyeupe alishika kifua. Akasema kitu, na Deogratius akageuka kwa Shamsia akitabasamu.

"Mama anauliza, Shamsia, je, unamsamehe baba yako?"

Shamsia alimtazama baba yake aliyepiga magoti, kichwa wazi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Hapana," alisema.

Deogratius akacheka kidogo. "Sema vizuri, mwanangu. Unamsamehe?"

"Hapana. Hajanikosea kitu."

Kila Mswahili mle ndani alisikia. Wapishi mlangoni walisikia, wazazi wengine kumi na saba waliosubiri zamu za watoto wao walisikia, na Mwantumu akaziba mdomo kwa kanga. Deogratius alisimama wima. Unaweza kumhurumia, maana kila kitu alichokuwa nacho kilining'inia kwenye neno moja. Kisha akawageukia wageni na kwa Kiingereza safi akawaambia kwamba mtoto amesema ndiyo, anamsamehe baba yake kwa moyo wote.

Wakapiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, wengine wakikumbatiana.

"Mwongo!" sauti ikatoka nyuma. Matayo alikuwa ameacha geti. Alipita katikati ya viti, koti la kijani likimpepea, akaongea na wageni kwa Kiingereza chake cha getini, kile cha kufungua na kufunga na pita huku. "Mtoto kasema hapana! Kasema baba hana kosa! Huyu baba alimbeba kwa baiskeli. Baiskeli! Kila siku! Kalenda inasema uongo!"

Makofi yakasimama. Mama wa nywele nyeupe akamtazama Matayo, kisha Deogratius, na usoni mwake kulikuwa na swali la kweli. Kwa muda wa pumzi mbili mambo yangeweza kwenda upande wowote.

Deogratius akacheka. Alicheka kwa sauti, akamshika Matayo bega kama rafiki, akawaeleza wageni. Aliwaambia kwamba hiyo ni mila ya hapa, inaitwa utani. Makabila ya hawa wazee wawili yana ruhusa ya kutaniana popote, hata msibani, na mtani hupinga kila mwenzake anachosema ili watu wafurahi. Hakusema uongo hata neno moja kuhusu utani. Wageni wakashusha pumzi. Wakacheka, wakapiga makofi upya, sasa kwa ajili ya mila. Mama wa nywele nyeupe akaomba apigwe picha na Matayo, akamshika mkono, na Matayo akasimama pale mbele ya kamera akitikisa kichwa, hapana, hapana, na kadiri alivyotikisa ndivyo walivyozidi kucheka.

Jioni Matayo aliambiwa alirudishe koti, Jumatatu asije. Athuman alimkuta nje ya geti na shati lake la ndani.

"Nimekuponza," Athuman alisema.

"Nani anakuhurumia wewe, mtumwa wangu?" Matayo akajibu. "Nimelilia lile koti tu, lilikuwa na mifuko mizuri." Lakini waliagana bila kutukanana zaidi.

Kibali cha operesheni kilikuwa ndani ya bahasha mfukoni mwa Mwantumu, kimepigwa muhuri. Ndani ya gari alikigusa mara kwa mara. Athuman alitazama nje njia nzima.

*

Alhamisi Shamsia alipasuliwa. Hospitali alikopasuliwa si ya shirika. Shirika hupeleka tu watoto pale. Saa sita mchana daktari alitoka, kijana mnene mwenye macho ya kuchoka, akamkuta Athuman peke yake kwenye benchi la ukutani. Mwantumu alikuwa amekwenda kununua maji.

"Imekwenda vizuri, mzee. Mguu utanyooka. Plasta wiki sita, halafu kiatu maalumu."

"Alhamdulillahi. Ahsante, daktari. Mungu akulipe." Athuman alisimama, akashika mkono wa daktari kwa mikono yote miwili. Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa limemkaa moyoni, akasema, "Tunajua ni gharama kubwa. Milioni moja na laki tatu si mchezo."

"Nani kakwambia?"

"Shirika."

Daktari alikunja uso, kama mtu asiyetaka kuingia kwenye ugomvi usio wake. "Labda wanajumlisha na mafuta ya gari na hosteli, sijui. Hapa miguu ya watoto ni bure, mzee. Kila Alhamisi. Nina mwaka wa sita hapa, na nimeikuta hivyo."

"Bure kwa watu wa shirika?"

"Kwa mtoto yeyote. Unakuja na kadi ya kliniki, unaandikishwa pale dirishani, unapangiwa siku. Ninyi mko wapi?"

"Misima."

"Si mbali. Ni nauli ya basi tu." Daktari akamgusa bega, akaingia ndani kuendelea na mtoto mwingine.

Nauli ya basi kutoka Misima ni shilingi elfu tatu. Athuman alikaa. Alitazama dirisha alilooneshwa, dirisha dogo la kioo lenye tundu la kupitishia karatasi, na nyuma yake mama mmoja anakunywa chai. Mbele yake palikuwa na foleni ya watu watatu. Ilikuwa imekuwepo hapo miaka yote sita.

Mwantumu alirudi na chupa mbili za maji, anahema, kanga imemteleza begani. Uso wake ulikuwa na tumaini lile la mtu aliyelipa bei yote na anataka kuambiwa kwamba amekipata alichonunua.

"Daktari kapita? Kasemaje?"

Athuman alipokea chupa, akafungua kifuniko, akampa yeye kwanza.

"Kasema mguu utanyooka," alisema.